Nyumba Namba Arobaini na Saba

Jumanne, saa nne kasoro asubuhi, mama mmoja mjane alikuwa akipalilia vitunguu katika shamba lake bondeni, nyuma ya nyumba yake, nje kidogo ya mji, jembe lake likagonga ukuta. Ukuta haukuonekana. Alijaribu upande wa pili, likagonga vilevile. Akaliweka chini, akapapasa kwa viganja pande zote, akajikuta yumo katika chumba cha hatua nne kwa tatu, chenye dirisha moja la nondo na kisicho na mlango. Manyunyu yalipoanza, yalilowesha shamba zima isipokuwa pale aliposimama.

Alijua ni nini. Wiki hiyo manispaa ilikuwa imebandika ramani kwenye ubao wa matangazo: mpaka wa mji ungesogezwa hadi mtoni, na bonde lote lingekuwa mradi wa nyumba mia moja na kumi na mbili. Mchora ramani wa manispaa alikuwa binti yake wa kwanza.

Binti alifika mchana, viatu vya ofisini vimejaa tope. Muuza maziwa, jirani yao, alikuwa amekwisha kupitisha chupa ya chai katikati ya nondo.

"Umenisahaulia mlango, mwanangu," mama alisema.

"Nisamehe, Mama. Ilikuwa Ijumaa, na bosi amenisimamia kichwani."

"Lakini dirisha umeliweka vizuri."

Binti alizishika zile nondo zisizoonekana, akalia kidogo, halafu akatazama saa. Muda wa mapumziko ulikuwa umekwisha.

Bosi wake, mkuu wa mipango miji, hakuwa mtu mbaya. Alivaa miwani na kuikagua ramani.

"Kweli, nyumba namba arobaini na saba, chumba cha nyuma hakina mlango. Nani amelalamika?"

"Mama yangu. Yumo ndani."

"Ameingiaje na nyumba haijajengwa?"

"Alikuwepo tangu mwanzo, mzee. Ni shamba lake."

Bosi alikuna kidevu. Ramani ilikwisha kupigwa mhuri, alisema, na iliyopigwa mhuri haiguswi hadi madiwani wakae.

Kesho yake, bosi alipotoka kwenda kunywa chai, binti alichukua wembe akaanza kukwangua wino wa ukuta wa upande wa mto. Alikwangua taratibu, karatasi isitoboke. Kule bondeni pengo likafunguka, upana wa kiganja. Mama akapenyeza mkono hadi begani. Muuza maziwa akaushika akaanza kuvuta. Pengo lilikuwa likiongezeka vizuri, na kichwa nacho kilikuwa karibu kupita, bosi aliporudi kuchukua miwani aliyoisahau.

Hakupiga kelele. Aliweka kalamu ya wino mezani, mbele ya binti.

"Rudisha mstari, nami sitakuandikia barua."

Nyumbani binti alikuwa na watoto watatu na mume aliyepunguzwa kazini. Aliichukua ile kalamu. Kisha akampigia simu muuza maziwa.

"Mwambie Mama arudishe mkono ndani."

"Mbona ndiyo kwanza umetoka? Nimeushika huu hapa."

"Mwachie, kaka. Nachora."

Alisubiri hadi aliposikia sauti ya mama kwa mbali ikisema, "Haya, tayari." Ndipo akachora. Mstari ulinyooka kuliko ule wa kwanza.

Kikao cha pingamizi kilikaa Alhamisi, ukumbini. Diwani mmoja alisema mji umefurika, watu wanalala wanane chumba kimoja, na alisema kweli. Mwingine alisema bonde lile ndilo linaloulisha mji mboga, naye alisema kweli. Mwenyekiti akauliza kama kuna mwenye shamba anayepinga. Wenye mashamba walikuwa bado njiani. Vijia vyao vilikwisha kuanza kufuata barabara za kwenye ramani, na mahali palipochorwa mzunguko iliwabidi wazunguke kwanza. Muuza maziwa, ambaye hakuwa na shamba, alisimama.

"Jirani yangu anapinga, ila hawezi kutoka."

"Pingamizi huletwa na mwenyewe," mwenyekiti alisema.

Karani akaandika: hakufika. Wakati huo binti alikuwa amesimama mbele, ameishika ramani kwa mikono miwili ili madiwani waione vizuri. Wakapiga kura, ikapita.

Mafundi walikuja mwezi uliofuata. Kazi ilikuwa nyepesi, kwani kuta zilikuwepo, wao walizifuatisha tu kwa tofali. Fundi mkuu alimwamkia mama kila asubuhi na kumwomba asogeze jembe kidogo. Mlango hakuuweka, kwa kuwa fundi hufuata mchoro. Baadaye wakahamia wapangaji, mwalimu na mkewe na watoto wanne, waliokuwa wamesubiri nyumba miaka tisa. Waliambiwa chumba cha nyuma kina mtu. Wakasema si neno.

Mlango ulipata idhini katika kikao cha mwezi wa saba. Fundi akatoboa ukuta, akaweka fremu, akapaka rangi. Mama akatoka na ndala mkononi asije akachafua sakafu, akapita sebuleni familia ikiwa mezani.

"Kuleni, kuleni," aliwaambia.

Binti alikuwa akimsubiri getini. Mama alitazama upande ilikokuwa nyumba yake. Palikuwa na jiko la nyumba namba hamsini, na dada mmoja humo akisuuza vikombe.

"Twende kwangu, Mama. Tutabanana hivyo hivyo."

"Nikiondoka wataandikaje?"

Binti alizifahamu fomu zote za idara.

"Wataandika umehama kwa hiari."

Mama alikuwa amekwisha kuvaa ndala. Akazivua tena. Akamgusa binti shavuni, akamwambia awahi kazini wasije wakamsema. Kisha akaurudia mlango wa mbele, ambao ulikuwa umekwisha kufungwa, akagonga.

"Hodi."

"Nani?" mke wa mwalimu aliuliza kutoka ndani.

Mama alifikiri kidogo.

"Wa chumba cha nyuma," alisema.

Wakamfungulia.