Risasi Ishirini za Jepchirchir

Ukitaka kumuudhi Jepchirchir, mwambie bunduki yake ni ya kuwekwa makumbusho. Kapteni wa kilabu chao cha bunduki za kale alimwambia hivyo mwezi wa pili, tena mbele za watu, na tangu siku hiyo dada wa watu hakutulia. Ni kweli ile 303, bunduki ya jeshi la Waingereza, ilikuwa na umri wa kumzidi baba yake, na mtutu ulikuwa umelika. Risasi nyepesi za dukani zilitoka humo zikaenda zilikotaka zenyewe. Lakini baba huyo alikuwa askari wa msitu kule Londiani, Kenya, alibeba bunduki ya aina hiyo hiyo miaka kumi na tisa. Jepchirchir alipoiona dukani Mesquite, Texas, hakutaka kusikia habari ya nyingine.

Akaamua kujitengenezea risasi mwenyewe, za vichwa vizito, virefu, vyenye pua ya mviringo, kama zile za jeshi la zamani. Katika gereji ya nyumba yake Haltom City alisafisha maganda, akayapachika fataki mpya za kuwashia baruti, akapima baruti kwa mkono uleule unaowapimia wagonjwa dawa kila zamu. Miezi mitano alikosea, akaandika, akarekebisha. Mwezi wa saba risasi nzito zikatii. Kwa umbali wa yadi mia sita zilitua pamoja, naye akapiga vigelegele mpaka msimamizi wa uwanja akaja mbio kuuliza ni nani ameumia.

Sasa ilibaki nafasi moja kwenye timu ya kilabu ya watu wanne. Ingeamuliwa Jumamosi saa tisa alasiri, kwenye uwanja wa shabaha nje ya Houston: risasi mbili za kujaribia, ishirini za kuhesabiwa. Jepchirchir aliitaka nafasi hiyo mpaka chakula kikawa hakipiti. Alikuwa na vichwa arobaini tu, na maduka yote aliyopigia simu yalimwambia vimekwisha.

Ijumaa mchana, kazi imefika nusu, akasikia hodi. Alikuwa Mama Kethia, Mkongomani wa kanisani kwao, na wenzake wawili.

"Dada, Dimanche mbili hatukuoni kanisani!" alisema Mama Kethia. "Tulisema uko mugonjwa!"

"Siko mgonjwa, mama. Karibuni, karibuni sana!"

Sebule ilikuwa imejaa nguo ambazo hazijakunjwa, kwa hiyo akawakaribisha huko huko gereji. Na mgeni aondoke bila chai? Aibu hiyo angeipeleka wapi? Meza ilikuwa moja tu, ile ya kazi. Akausogeza mzani pembeni, akapanga vikombe, chupa ya chai na sahani ya mandazi. Wakanywa, wakaomba, wakacheka sana. Walipokwenda zao akaurudisha mzani mahali pake, akaendelea kupima huku akiimba, akamaliza zote arobaini na kuzifungia katika sanduku moja.

Asubuhi saa kumi na mbili rafiki yake Pelagia, Mtanzania anayefanya kazi ofisini Plano, alifika na gari. Jepchirchir alikuwa anataka kuufunika mzani. Kwa mazoea tu, akauwekea jiwe lake la kupimia. Mshale haukusimama pale unapopaswa kusimama.

Akaliondoa jiwe, akaliweka tena; mshale ukafanya vilevile. Mzani wa namna ile ukishausogeza lazima uusawazishe upya, na yeye alilijua hilo vizuri. Wauguzi wapya alikuwa akiwafokea kwa kosa dogo kuliko hilo! Akamweleza Pelagia: risasi zote za baada ya chai zilikuwa na baruti iliyozidi kidogo, na zimechanganyika na zile nzuri. Hata kuzipima moja moja kusingesaidia, kwa kuwa maganda makuukuu hayalingani uzito.

"Si umesema ni kidogo tu?" Pelagia akauliza. "Twende bwana, nani atajua?"

"Bunduki itajua. Pelagia, kazini dawa sijai-confirm siwezi ku-give mtu. Na hii inalipukia karibu na uso wangu. Wacha nizivunje."

"Zote?"

"Zote."

Wakakaa chini. Pelagia alikuwa akigonga kwa nyundo ya kuchomolea vichwa, Jepchirchir akivikagua kimoja kimoja. Vilikuwa na pua laini, na nusu yake vilibonyea kwa kule kugongwa. Vikabaki ishirini, hakuna hata kimoja cha ziada. Mzani ukasawazishwa. Pelagia akawa anasoma mshale kwa sauti na Jepchirchir anarudia, kama wauguzi wawili wanavyohakikisha dawa kali. Saa nne kasoro wakatia gari barabarani, mandazi ya jana mapajani.

Uwanjani aliposema hatapiga hata moja ya kujaribia, kapteni alimuuliza mara mbili kama ana hakika. Mstaafu mmoja wa Houston, aliyekuwa akiongoza, alikuwa ameshapata pointi mia moja themanini na saba kati ya mia mbili.

Jepchirchir akalala kifudifudi kwenye joto lile. Risasi ya kwanza ikapata saba. Upepo! Akalenga kidogo upande unakotoka, akapumua, akavuta. Kumi. Ikafuata tisa, kisha kumi, kisha kumi tena. Bega lilimuuma, jasho lilimwingia machoni, naye alikuwa na furaha ambayo hakuwahi kuijua. Zilipofika kumi na tisa, Pelagia alinong'ona nyuma yake, "Mia moja sabini na nane. Hii ya mwisho lazima iwe kumi, shoga yangu."

Akavuta. Kule mbali wahesabu pointi wakaishusha shabaha shimoni, ikakawia, ikapanda. Alama nyeupe ya kuonyesha risasi ilipopiga ilikuwa katikati kabisa.

Pelagia alipiga kelele, akamwangukia mgongoni. Jepchirchir alibaki pale pale chini, shavu limeegemea bunduki, analia na kucheka pamoja. Kapteni akaja na karatasi ya majina, akaokota ganda moja lililokuwa bado moto, akaligeuza geuza. Kwa Kiingereza chake cha taratibu akauliza ni nani aliyemtengenezea risasi hizi, maana na yeye angependa kutengenezewa.

"Mimi," akasema Jepchirchir. Akainuka, akaitwaa kalamu mkononi mwa kapteni, akajiandika nafasi ya nne.