Kinyama cha Mudathir

Baba mkubwa alikizika kinyama cha Mudathir nyuma ya nyumba, karibu na ukuta, pale palipozikwa vitovu vyetu sote. Alikiosha, akakifunga kwa kipande cha bafta nyeupe, akakisomea. Kisha akanawa mikono, akarudi barazani kunywa kahawa kama mtu aliyemaliza kazi ya heri.

Habari hizi sikuambiwa na mtu wa nyumbani. Msichana wa maabara ndiye aliyenipigia simu kuuliza kwa nini kichupa chenye kinyama hicho hakijafika. Nikamjibu kwa kujiamini kwamba kimefika, baba mkubwa alikipeleka mwenyewe juzi.

"Dada, hapa hakijafika kitu," akasema. "Na kama kimetoka kwenye barafu tangu juzi, msijisumbue tena kukileta."

Mudathir ni mdogo wangu, fundi wa kuchomelea mageti hapa hapa Kiwalani. Baba yetu alikufa kwa tumbo kabla hajaota mvi, na ukoo mzima ukasema karogwa. Mudathir naye alipoanza kutoa damu chooni aliificha mpaka mama alipoziona nguo zake za ndani. Nilimburuta hadi kliniki moja ya watu binafsi upande wa Kinondoni. Wakampitisha kamera, wakakuta utumbo mpana umeota vinundu vingi. Kimoja wakakinyofoa, wakakigawa mara mbili. Nusu wakaitazama kwa hadubini na majibu yakatoka upesi: si saratani, bado.

Nyumbani walishangilia lile "si saratani". Mie nilibaki na "bado".

Nusu ya pili ndiyo iliyotiwa kwenye kichupa, ichunguzwe jeni zake huko maabara. Hiyo ndiyo ingesema vile vinundu vinaelekea wapi, na kama utumbo wa Mudathir ukatwe sasa au kuna nafasi ya kungoja. Siku ya kamera mpeleka mizigo wao hakuja kazini. Baba mkubwa, aliyekuwa amemsindikiza mgonjwa siku hiyo badala yangu, akakabidhiwa kisanduku cha barafu na kuelekezwa njia. Alifika nacho Buguruni, akageuza njia kurudi nyumbani.

Nilimkuta barazani na jirani yetu mzee Suleiman.

"Shikamoo, baba mkubwa."

"Marahaba mwanangu. Kaa unywe kahawa."

"Kichupa cha Mudathir kiko wapi?"

Akakitazama kikombe chake. "Kimesitirika."

"Kimesitirika wapi?"

"Pale kinapostahili. Mwili wa binadamu hausagwi, Naima. Mie nilimuuliza yule sista, hiki kitarudi? Akanijibu, hakirudi mzee, kitasagwa. Kitasagwa! Mtoto wa marehemu ndugu yangu asagwe kama karanga?"

"Mguu wangu nani aliuzika?" mzee Suleiman akadakia, akigonga chini kwa gongo lake. "Si huyu huyu? Hospitali walitaka kuutupa jalalani. Akaufuata, akauosha, akaupeleka makaburini. Usimlaumu mtu mwenye imani, binti."

Najua. Nilikuwapo siku ya mguu, na niliona fahari kuwa mtoto wa nyumba hii. Lakini mguu wa mzee Suleiman ulikuwa umeshamaliza kazi yake. Kinyama kile kazi yake ilikuwa haijaanza.

"Baba mkubwa," nikasema, na sauti yangu ilivuka ukuta, "wewe ni mwizi. Umemwibia Mudathir."

Mama akatoka ndani mbio na kanga moja. "Naima! Mdomo huo unamfungulia nani?"

"Mwizi," nikarudia, maana nilikuwa nimeshafika pasipo na kurudi.

Mudathir alikuwa amesimama mlangoni, miwani yake ya kuchomelea juu ya paji la uso. Hakunikasirikia, na hilo ndilo lililoniumiza. "Dada, yaishe," akasema. "Mie kule sirudi. Ile dawa ya kuharisha, ya kusafisha tumbo, unaijua wewe? Niinywe tena usiku kucha, halafu waniingizie tena lile bomba, wakati wameshasema sina saratani? Kimezikwa, kimezikwa."

Kumbe hilo ndilo alilokuwa akilitafuta: mtu mzima wa kumpa ruhusa ya kutorudi. Niliiona sura ya baba yetu mle mlangoni, ikisema vile vile, ni tumbo tu, litapoa.

Nikamwambia baba mkubwa kama alilofanya ni haki, kesho aje alisemee mbele ya daktari. Kwa ukali gani nilisema, sitaki kuuandika. Asubuhi alivaa kanzu na kofia yake ya vito, akaja. Mudathir alitufuata nyuma akikokota miguu, kwa kuona aibu kumwacha mzee peke yake na mimi.

Daktari Revelian ni kijana tu, pengine ananizidi miaka michache. Alimsikiliza baba mkubwa hadi mwisho, akashika kichwa kwa mikono miwili, akacheka.

"Mzee, umezika sampuli! Umeisomea na dua! Ndiyo maana utafiti hauendi nchi hii. Nyie watu wa Pwani na mazishi yenu, jamani."

Baba mkubwa akainamisha kichwa. Jana nilimwita mwizi mbele ya jirani yake. Leo nilimwona akichekwa na mtu anayeweza kuwa mwanawe, akiwa amevaa kanzu ya Ijumaa, na hasira yangu yote ikahama kiti.

"Daktari, ulipompa kile kichupa ulimwambia nini?"

"Akipeleke maabara."

"Cha nini?"

"Dada, haya ni mambo ya gene expression. Hayaelezeki kwa Kiswahili."

Nilisimama. Mlango ulikuwa wazi na wagonjwa wamejaa kwenye mabenchi ya nje, na sikuufunga.

"Hayaelezeki? Bei ya kamera ilielezeka! Uliitaja kwa Kiswahili na hukukwama hata mara moja. Mdogo wangu mlimpa karatasi ya Kiingereza, akatia saini asichokijua. Mzee wangu mkamwambia kitasagwa, basi. Kitasagwa! Wewe nyama ya mama yako ukiambiwa inakwenda kusagwa, na asikuambie mtu kwa nini, utaipeleka?"

"Punguza sauti, hapa ni hospitali."

"Sipunguzi. Mweleze. Una Kiswahili, nimekusikia ukibishana na bodaboda pale getini. Mweleze mzee, tunangoja."

Huko nje mtu alisema, "Mweleze bwana, hata sie tunataka kusikia."

Daktari akanitazama, akautazama mlango. Nilidhani ataita mlinzi. Badala yake akavuta kiti chake akazunguka nacho meza mpaka kwa baba mkubwa, magoti kwa magoti.

"Mzee, kila seli ya mwili wa Mudathir, ya jicho au ya utumbo, imebeba jeni zile zile. Zina... zina-express... hapana." Akafuta kwa mkono hewani. "Tuseme kila jeni ina sauti. Nyingine zinasema, nyingine zimenyamaza. Ndiyo maana jicho ni jicho na utumbo ni utumbo. Sasa utumbo kwa ndani hujivua kila mara, seli mpya zinaota, za zamani zinakufa. Ziko jeni za kusema ota, na ziko za kusema basi, inatosha."

"Naam."

"Kwenye kinundu kama kile, hata kabla hakijawa saratani, ile ya kusema basi imeshazimika, na zile za kusema ota zimepandisha sauti. Ukikitazama kwa hadubini unaona kimetulia tu. Ukingoja sura yake iharibike, umechelewa. Sisi tunataka kuzisikia hizo sauti mapema."

"Na kusaga?"

"Sauti zimo ndani ya seli. Hazitoki mpaka seli ipasuke. Na hazidumu mzee, zikipata joto zinapotea. Ndiyo maana ya barafu."

Baba mkubwa akaitazama mikono yake.

"Kwa hiyo nilipokuwa nakizika," akasema, "kilikuwa bado kinasema?"

"Ndiyo, mzee."

"Nami nikakitia mchanga mdomoni." Akavua kofia, akaishika mapajani. "Maneno haya ungenipa siku ile, kile kisanduku ningekibeba kifuani hadi huko maabara." Kisha, polepole: "Na marehemu ndugu yangu, alikwenda hivi hivi?"

"Inawezekana. Ugonjwa huu hurithiwa. Hata wewe ungefaa kupimwa."

Mzee akageuka kumtazama Mudathir, aliyekuwa ameegemea ukuta kama anayetaka kuingia ndani yake. "Umesikia? Utarudi. Viko vinundu vingine, wachukue kimoja wakisage mpaka kiseme."

"Na ile dawa ya kuharisha, ba' mkubwa?"

"Tutaharisha wote."

Mudathir akacheka kicheko ambacho sikuwa nimekisikia tangu aanze kuumwa. "Haya," akasema. "Haya, nitarudi." Daktari akamwita nesi mkuu, Demetria, atupangie siku.

Demetria aliingia uso umekunjwa. Alikuwa amesikia yote kutoka dirishani kwake. "Jumatano ijayo, wote wawili," akasema. "Na wewe dada, umemfokea daktari mbele ya wagonjwa. Muombe radhi kabla hamjatoka hapa."

Daktari akajifanya anatafuta kitu kwenye simu.

"Muombe, mwanangu," baba mkubwa akasema kwa upole. "Na mie uniombe, kwa lile neno la barazani. Tutoke kwa heri."

Nilimsikia. Ninampenda mzee huyu, na Jumatano nitakuwa naye pale, nitamshikia kofia. Lakini kinyama kilizikwa kweli, na mdogo wangu alikuwa akifuata njia ya baba yetu huku watu wazima wawili, mmoja kwa imani na mwingine kwa dharau, wakimfungulia geti. Nisingepaza sauti, nani angemweleza nani?

"Siku tumeipata, tunashukuru," nikamwambia Demetria. "Radhi siombi. Si kwa daktari, na wewe baba mkubwa unisamehe ukitaka mwenyewe, lakini mie siombi."

Nikachukua mkoba wangu nikatoka.