Siku Mama Mageni Alipopiga Mwano

Machimboni nje ya mji wa Geita, mtu akiongea kwa sauti kwenye simu huambiwa, "Unapiga mwano wa nini?" Generosa, Mhaya asiyekosa la kujibu, aliyekuwa akiwauzia wachimbaji wali na maharage, alijua mwano ni makelele, basi. Aliwarushia neno hilo hata wateja waliogombea ukoko. Jirani yake wa jikoni, Mama Mageni wa Tinde, alikuwa akimwambia taratibu, "Mama Edson, hilo neno kwetu Usukumani halichezewi." Generosa aliona ni ushamba tu.

Mchana mmoja duara likatitia. Ndani ya shimo hilo la dhahabu alikuwemo Cornel, mumewe, peke yake; wenzake walikuwa wametoka kula. Watu wachache waliokuwa karibu walianza kufukua kwa mikono, na udongo ukazidi kuporomoka. Generosa alipiga kelele za kuomba msaada mpaka koo likamkauka, lakini karasha za kusagia mawe zilinguruma kila upande na hakuna aliyemsikia. Maji yalikuwa yamezidi unga.

Mama Mageni aliweka mwiko chini, akapanda juu ya kifusi, akazungushia mdomo viganja. Kilichomtoka hakikuwa neno. Ilikuwa sauti moja nyembamba, ndefu, iliyopanda juu ya ngurumo zote ikakatika ghafla, kisha ikaanza tena. Generosa alisisimka mwili mzima.

Mara mwanamke mwingine, huko kwenye mashamba ya mihogo, akaupokea mwano huo. Mchunga ng'ombe akaupokea upande wa mlimani. Ukaenda ukipokewa hadi mbali ambako Generosa hakujua kama kuna watu. Karasha moja ikazimwa, na nyingine, halafu zote. Alikuwa hajawahi kuyasikia machimbo yakinyamaza, na ukimya ule ulimtia hofu kama ya kanisani.

"Wanajua kuna nini huku?" alinong'ona.

"Hawajui. Labda ng'ombe wameibwa, labda fisi, labda mtoto kapotea. Ukiusikia unaupaza na wewe, unashika jembe, unakuja. Tumezaliwa tukaukuta hivyo."

Wakaja. Walikuja wazee, wanawake wenye watoto mgongoni, hata wachimbaji wa duara la pili waliokuwa wamegombana na akina Cornel kuhusu mpaka. Walijipanga wakapitishiana makarai ya udongo bila kuambizana. Katika ukimya ule mtu mmoja akasikia jiwe likigongwa chini, wakajua pa kufukua.

Jua lilikuwa limeinama walipomtoa. Mguu ulikuwa umevunjika na uso umejaa udongo, lakini alikuwa anapumua. Generosa alimkumbatia akalia bila haya. Aliponyanyua kichwa ashukuru, watu walikuwa wameshaanza kuondoka, majembe begani, wakizungumzia mvua.

"Ni akina nani wale?" Cornel aliuliza.

"Sijui, Baba Edson," Generosa akasema. "Hata mmoja simjui."