Mabuti ya Dwight

Tulifika kwenye makumbusho ya ngome ya zamani ya jeshi hapa Kansas tukiwa hoi, mimi na mume wangu Arlen. Tulikuwa tumeleta mabuti ya mwanetu Dwight. Dwight alikufa vitani Afghanistan, na tangu hapo mabuti yake yamekaa kando ya mlango wetu wa jikoni. Nimechoka kuyaruka kila asubuhi nikienda kulisha kuku. Pia nimechoka kuiogopa siku ambayo sitayakuta.

"Yatakaa hapa," alisema Jolene, mtunzaji wa makumbusho, akituonyesha kabati la kioo. Upande mmoja palikuwa na tandiko la askari wa farasi, upande wa pili jiko la chuma la walowezi.

Arlen aliliangalia lile jiko. "Linanuna kama mama yako."

"Mwache mama yangu apumzike."

Jolene alicheka, akavaa glavu. "Kwanza yataingia kwenye friza kwa wiki kadhaa. Ngozi na sufu zote zinaanzia huko, ili tuue wadudu."

Niliyavuta mabuti kifuani. "Friza?"

"Ndiyo, mama. Hata tandiko hili lilipita huko."

"Tandiko halina mama."

Arlen alishusha pumzi. "Mke wangu, ni viatu tu. Yeye hayumo."

"Najua hayumo. Lakini kila alipopiga simu alilalamika miguu inaganda kule milimani. Nilimfumia soksi mpaka vidole vikavimba. Leo niyatie mwenyewe kwenye barafu?"

Nilikaa kwenye benchi, nikafumba macho, nikaomba. Bwana, nimechoka kuyashika, na kuyaachia siwezi. Nisaidie.

Kisha nilivua sweta langu la sufu, nikayafunika mabuti, mikono ya sweta nikaifunga fundo.

Jolene alisema polepole, "Mama, na sweta litagandishwa. Tena tukishalipokea, halirudi."

"Ligande nayo."

"Na kwenye kabati je?"

"Huko litoe. Asije akaonekana mtoto wa mama mbele ya hao askari wa farasi."

Jolene alikipokea kifurushi kwa mikono miwili.

Nje, upepo wa Kansas ulinipenya hadi mifupani. Arlen alivua jaketi lake akanivika. "Sasa nitakufa mimi, mkaidi wewe."

Nilitaka kumrudishia, lakini nilikuwa nimechoka mno. Nilimshika mkono tu, tukaenda.