Nikauambia Ukuta

Maji yalipofika kwenye kizingiti cha jiko, baba mkwe wangu Mashauri alikuwa bado chumbani kwake, mlango kaufunga, akinijibu kutoka ndani kwamba Mungu si kigeugeu.

"Baada ya safina aliweka upinde mawinguni," alisema. "Akaahidi hataleta gharika tena. Jumapili upinde hukuuona?"

"Niliuona, baba."

"Basi kapike."

Kupika! Mafiga yenyewe yalikuwa yamezama. Mto Mkondoa ulikuwa umebomoa tuta tangu asubuhi. Wanangu nilikwisha kuwapeleka shuleni kule mlimani, na mume wangu Obed alikuwa Kidodi akipakia miwa. Tulibaki mimi na mzee. Na kwetu ziwani, tulikotoka na ng'ombe wetu, mkamwana haingii chumba cha baba mkwe wala hamgusi. Hata sahani ya ugali humwekea mlangoni, akageuka.

Jirani yetu Hussein, mwenyeji wa hapa Kilosa, alipita maji yakimfika mapajani, kila bega mjukuu.

"Shikamoo mzee Mashauri!" alipaza sauti. "Kitabu chenu kinasema wana wa Nuhu waliokoka wote. Chetu kinasema mmoja aligoma kupanda, akasema atakimbilia mlimani. Wimbi likamchukua, baba yake anaona. Toka, mzee wangu!"

"Marahaba," alijibu baba, basi.

Hussein alinitazama kwa huruma, akasema akiwafikisha watoto atarudi. Nilijua hatawahi.

Nikambembeleza baba. Naye akanitolea ile hadithi ya kwao anayonisimulia kila nikikosea: bahari yote ilikuwa ndani ya mtungi mdogo, mkamwana akakatazwa kuugusa, akaugusa, ukapasuka, dunia ikazama.

"Mkamwana mmoja tu," alisema, "mkono haukutulia."

Hapo nilipandwa na hasira. Kumbe hata gharika ni mimi! Nikamkumbuka mwalimu wangu wa sekondari, Filipo, aliyetusimulia ya watu wa kale wa Babeli. Miungu yao iliapa kutomwambia binadamu kwamba maji yanakuja. Mmoja akamwonea huruma mtu wake, ila kiapo ni kiapo. Akaenda nyuma ya nyumba, akauambia ukuta wa matete: ukuta, sikia, bomoa nyumba, unda chombo. Mtu mwenyewe alikuwa upande wa pili, akasikia.

Nikazunguka nyumba, maji yakinivuta kanga, nikaweka mdomo kwenye udongo uliokwisha kulowa.

"Ewe ukuta," nikasema, "mimi sisemi na baba mkwe wangu, nasema na wewe. Ule upinde ni wa dunia nzima. Mkondoa haukuahidi kitu. Huyo uliyemficha humo akifa, nitamlilia kuliko nilivyomlilia mama yangu. Na siondoki. Tutazama wote watatu, mimi, yeye na wewe."

Kisha ukuta ukagongwa taratibu kwa ndani.

"Ukuta," sauti yake ilisema, ndogo kuliko nilivyowahi kuisikia, "mwambie mkamwana wangu aende. Miguu imenikatalia tangu usiku. Sitaki anibebe."

Lo! Upinde wote ule, mtungi wote ule, kumbe ni aibu tu. Mzee alikuwa tayari kufa kuliko kubebwa na mke wa mwanawe, na mimi nilikuwa nimeshinda nikibishana naye habari za vitabu.

Nikarudi mbio, nikausukuma mlango kwa bega mpaka komeo likang'oka. Alikuwa ameketi kitandani, maji yamegusa godoro, uso kaufunika kwa mikono miwili. Sikumtazama. Nikampa mgongo, nikachuchumaa majini.

"Panda, baba."

Hakusogea.

"Panda!" nikasema, kwa sauti ile ninayowafokea ng'ombe.

Mikono yake ikanizunguka shingo. Alikuwa mwepesi, mwepesi mno, nikaona uchungu. Nikasimama, nikatoka naye. Maji ya uani yalikuwa matope matupu, hayaonyeshi chini. Nilisita, nisijue pa kukanyaga.

Akaweka kidevu begani mwangu.

"Pita kushoto, mwanangu," alisema. "Kulia pana shimo la choo."