Kitunguu cha Mama Mkwe

"Jamani, huyo ni mgonjwa au ni mboga inayosubiri moto?" jirani muuza mkaa aliwahi kuuliza mlangoni, ameziba pua kwa upindo wa nguo.

Fundi cherehani alitabasamu tu. Mguu wake wa kulia, ule wa kukanyagia cherehani, ulikuwa umezungushiwa vipande vya kitunguu na kitambaa juu yake, na aliyeufunga ni mama mkwe. Mkwe habishiwi. Fundi aliweza kumbishia mteja, hata mwenye nyumba, lakini mbele ya mama wa mkewe ulimi ulimnywea kama mkia wa mbwa aliyekemewa.

Alikuwa amekanyaga msumari. Kidonda chenyewe kilikuwa kidogo, cha kucheka tu. Mama mkwe akaja na kikapu chake, akatangaza kwamba hospitali ni ya watu wasio na wazazi. Kwa kitunguu alikwisha kutibu mafua, jino, kiungulia na, kwa kauli yake mwenyewe, ndoa moja. Kila asubuhi aliinama, akaunusa mguu, uso ukamchanua.

"Mnasikia inavyonuka? Dawa hiyo inafanya kazi!"

Mtaa mzima ulisikia. Ila chini ya harufu ile palikuwa na nyingine, na kitunguu kiliifichia siri. Usiku fundi alitetemeka kwa homa, akajiuliza cherehani ataikanyaga kwa mguu gani, huu ukipotea. Asubuhi adabu ikamfunga mdomo.

Siku moja jirani akaingia bila hodi, akafunua kitambaa. Vidole vilikuwa vimeiva rangi ya biringanya, na wekundu ulikuwa unapanda kwenda gotini.

"Shemeji, huku si kutibiwa, huku ni kuozeshwa. Mungu aliyeumba kitunguu ndiye aliyempa daktari akili. Nendeni."

"Wewe kauze mkaa wako!" mama mkwe akafoka. "Hospitali watamkata!"

"Watamkata mkichelewa."

Mke wa fundi, aliyekuwa akitazama chini muda wote, akainua uso. "Lakini mama, mbona wewe vidonge vya presha unavifuata hukohuko hospitali? Tena foleni unaiwahi jogoo hajawika."

"Presha?" Mama mkwe akajishika kifua. "Usilinganishe, mwanangu! Presha si ya kuchezea. Inaua!"

Fundi akamtazama mama mkwe, akautazama mguu wake. Polepole akabandua vipande vya kitunguu, kimoja baada ya kingine, akavirudisha kikapuni mwa mwenyewe kwa mikono miwili, maana adabu ilikuwa bado haijamtoka. Akachukua rula yake ndefu ya mbao ya kupimia vitambaa, akaifanya mkongojo. Mkewe akamshika kwapa.

Akatoka akichechemea kuelekea hospitali, bila hata kuaga.