Barua ya Kufukuzwa

"Mama, wewe hujafukuzwa," karani alisema, akilisukuma faili lirudi chini ya kioo. "Msaada wa kodi ya nyumba ni wa watu walio hatarini kulala nje. Wewe umeleta risiti za mwaka mzima."

Kosa la Melania, basi, lilikuwa kulipa. Alilipa kwa kufua mashuka ya watu kule mtaa wa Observatory na kwa kula mlo mmoja kwa siku, lakini Desemba kodi ilikuwa inapanda na kufua hakungetosha tena. Binti yake, Eva, alikuwa katikati ya mitihani ya matriki, ya kumaliza sekondari. Karatasi ya mwisho ilikuwa tarehe tatu Desemba.

"Lete barua ya mwenye nyumba, kwamba anakutoa tarehe thelathini," karani aliongeza. "Leo ndiyo mwisho wa kupokea maombi. Saa tisa nafunga."

Melania akakimbilia teksi mpaka nyumbani, Turffontein. Jeannine, Mrundi aliyempangisha chumba cha uani kwa miaka sita, na ambaye waliimba naye kwaya moja, alikuwa akianika nguo.

"Nikufukuze?" Jeannine akacheka. "Mama Eva, unataka nikatubu Jumapili?"

"Ni ya karatasi tu, dada. Wakinisaidia, na wewe kodi yako utaipata."

Jeannine akaandika juu ya ndoo iliyopinduliwa, akatia saini na namba ya simu. Saa tisa kasoro dakika kumi, karani aliisoma barua, akampigia Jeannine palepale, kisha akagonga muhuri.

"Tutakujibu baada ya siku tisini."

"Na tarehe thelathini je?"

"Mwenye nyumba amethibitisha kuwa unatoka," karani alisema, akashusha pazia.

Siku tisini! Aliyebuni utaratibu huo hajawahi kulala nje hata usiku mmoja.

Aliporudi, mlango wa chumba chake ulikuwa wazi. Mwanamke asiyemjua alikuwa ndani, akipima ukuta kwa mikono. Jeannine alisimama kizingitini, macho mekundu.

"Wameniuliza kama ni kweli, nikasema ni kweli. Wakasema watakuja kukagua tarehe moja, na kama nimedanganya serikali, ni kesi. Eish, Mama Eva, wewe uko na kitambulisho cha hapa. Mimi niko na karatasi ya ukimbizi, na inaisha Machi."

"Kwa hiyo?"

"Huyu Zuhura alikuwa akitafuta chumba. Atahamia tarehe moja. Nisamehe."

Hasira ilimpanda Melania. Alitaka kumtukana mtu, na mbele yake alikuwepo Jeannine tu.

"Wakikuuliza," Jeannine akanong'ona, "usiseme tulipatana. Sema nilikufukuza kweli."

"Nitasema. Sasa si uongo tena."

Akaingia, akamwomba Zuhura asogee, akaketi kitandani. Zilikuwa zimebaki siku kumi na moja kufika tarehe thelathini.

"Toka kwanza," alimwambia Zuhura. "Mwanangu anakuja kusoma."